Tujifunze Kusoma Jani Kabla ya Kushika Pampu

Ndugu msomaji, ukipata nafasi ya kusimama katika ua wa shule au wa nyumba ya mkulima huko Masasi au Newala, wiki chache baada ya mvua za kwanza, tafuta mdimu au mlimau uliochipua, uchume jani changa, uligeuze upande wa chini na kuliinua kuelekea kwenye mwanga. Aghalabu utaona mstari wa rangi ya fedha unaopinda na kujizungusha kama njia ya mtu aliyepotea porini. Mstari huo huanza mwembamba kama uzi, kisha hupanuka kidogo kidogo, na mwishowe huishia kwenye ukingo wa jani, mahali ambapo ukingo umekunjwa kama pindo la kanga.

Nimewauliza watu wengi mstari huu ni nini. Wengine wameniambia kuwa ni njia ya konokono. Wengine wamesema ni ugonjwa, na kwamba mti huo hautazaa tena. Mzee mmoja wa Newala, ambaye amepanda midimu kabla mimi sijazaliwa, aliniuliza bila kusitasita, "Mwalimu, wewe uliyesoma ng'ambo, hebu tuambie: huyu ni mdudu au ni maradhi?" Swali lake ni zuri kuliko maswali mengi ya mitihani niliyowahi kutunga, na makala haya ni jaribio la kulijibu, pamoja na kueleza kwa nini naona kuwa jibu lake lingepaswa kutolewa na mwanafunzi wa kidato cha pili, si na mhadhiri wa chuo kikuu.

Mstari huo ni nyumba na chakula cha nondo. Jina lake la kisayansi ni Phyllocnistis citrella, nasi tunaweza kumwita mchimba-majani wa michungwa. Mwanasayansi Mwingereza H. T. Stainton ndiye aliyemweleza kwa mara ya kwanza mwaka 1856, kutokana na nondo waliopatikana Calcutta, India. Leo nondo huyu ameenea katika nchi nyingi za joto zinazopanda machungwa, ikiwa ni pamoja na Afrika Mashariki. Akikunjua mabawa yake yote, kutoka ncha moja hadi nyingine hazidi milimita nne au tano. Mabawa hayo ni meupe yenye mng'ao wa fedha, na kila bawa la mbele lina nukta nyeusi nchani. Kwa kuwa ni mdogo mno, na kwa kuwa hutembea jioni, usiku na alfajiri, wengi wetu tumeishi naye miaka yote bila kumwona hata siku moja.

Maisha yake huanza pale nondo jike anapotaga yai juu ya jani changa, hasa upande wa chini karibu na vena kuu. Yai hilo hufanana na tone dogo sana la maji. Linapoanguliwa baada ya siku chache, buu hatoki nje kuona jua. Hutoboa chini ya yai na kuingia moja kwa moja ndani ya ngozi ya jani, yaani epidermisi. Humo ndani hana miguu wala hana haja nayo. Mwili wake umebapa, na kinywa chake kimeumbwa kwa ajili ya kukata kuta za seli na kunywa utomvu unaotoka. Seli zinapokwisha kunywewa hewa huingia, na hewa hiyo ndiyo inayoufanya mchimbo ung'ae kama fedha. Ule uzi mweusi unaopita katikati ya mchimbo ni kinyesi cha buu.

Buu huyu hupitia hatua nne. Katika tatu za mwanzo hunywa utomvu bila kukoma na kukua haraka. Katika hatua ya nne hali kitu. Kazi yake wakati huo ni kufuma hariri, ambayo inapokauka huuvuta ukingo wa jani na kuukunja juu yake. Ndani ya pindo hilo hugeuka kuwa pupa, na baadaye nondo hutoka. Wakati wa joto mzunguko mzima, tangu yai hadi nondo, huweza kukamilika kwa muda wa wiki mbili au tatu. Wakati wa baridi huchukua muda mrefu zaidi. Buu wa aina hii hawezi kuhama kutoka jani moja kwenda jingine. Jani alimozaliwa ndimo atakamokulia, au atakamofia.

Mambo haya si mapya duniani. Katika mawe ya Dakota huko Marekani, kwenye majimbo ya Kansas na Nebraska, yamepatikana majani yaliyogeuka mawe yenye umri wa miaka ipatayo milioni 97, nayo yana michimbo ya nondo inayofanana mno na ile tunayoiona leo. Hata hivyo, sitaki msomaji adhani kuwa namletea kioja cha kumstaajabisha tu. Kuna jambo la fedha, la afya na la maarifa ndani yake.

Miaka michache iliyopita nilialikwa kuzungumza na wanafunzi katika shule moja ya kusini, ambayo sitaitaja jina. Nyuma ya madarasa palikuwa na kitalu kizuri cha miche ya midimu na michungwa. Majani yalikuwa na michimbo. Mtu mmoja, kwa nia njema kabisa, alikuwa ameagiza miche ipuliziwe dawa ya wadudu iliyobaki kutoka shamba la mikorosho, na ilipoonekana kuwa mistari haijafutika, ikapuliziwa tena, kisha mara ya tatu. Maji ya kuchanganyia dawa hiyo yalichotwa na wanafunzi wenyewe. Msomaji asiyeijua Newala huenda asione uzito wa maneno hayo. Uwanda wa Makonde ni wa udongo wa kichanga unaonyonya mvua upesi. Vijito juu yake ni adimu, na maji ya wakazi hupandishwa kwa mitambo kutoka mabondeni. Pale ndoo ya maji ina thamani. Wanafunzi wale walitumia maji adimu kuchanganya sumu, wakaipulizia bila glovu wala kitambaa cha pua, kwa ajili ya kufuta mstari ambao haufutiki.

Nasema haufutiki, na kila mwanafunzi wa biolojia aweza kueleza sababu. Kwanza, mstari ni kovu la seli zilizokwisha kufa, na jani halina uwezo wa kuzirudishia uhai. Pili, wakati tunapouona mchimbo mrefu, mara nyingi buu amekwisha kuwa pupa au amekwisha kuruka. Tatu, buu aliyemo ndani amefunikwa na ngozi ya jani, na dawa ya kugusa mwili haimfikii kwa urahisi. Wanaofikiwa kwa urahisi ni wengine kabisa: nyigu wadogo, buibui na sisimizi wanaotembea juu ya jani, ambao ndio maadui wa buu huyo. Kwa hiyo tunamwacha mwizi ndani ya nyumba na kuwapiga walinzi walio nje.

Je, mchimba-majani huyu hana madhara? Anayo, lakini yana mipaka. Hushambulia majani machanga tu; jani likikomaa na kuwa gumu halifai tena kwake. Mti mkubwa wenye majani mengi huvumilia bila kupungukiwa sana na matunda. Miche ya kitaluni na miti yenye umri usiozidi miaka minne hivi ndiyo inayoweza kudumaa, kwa kuwa majani yake mengi ni machanga. Pia, pale penye bakteria wa kigaga cha michungwa, majeraha ya michimbo huwafungulia mlango. Mwenye kitalu ana haki ya kuhangaika. Mwenye mdimu mmoja mkubwa uani hana sababu ya kununua sumu.

Hapa lazima nijihadhari, maana naweza kueleweka kuwa nawaambia wakulima wapuuze kila mstari wanaouona. La hasha. Nondo mwingine mchimba-majani ametuonyesha sura tofauti kabisa. Huyu ni Tuta absoluta, ambaye wakulima wa nyanya wa Tanzania walimpa jina la kantangaze. Asili yake ni Amerika ya Kusini. Alielezwa mwaka 1917 kutokana na nondo wa Peru. Mwaka 2006 alionekana Hispania, kisha akavuka kuingia Afrika ya Kaskazini, na mwaka 2014 alitambuliwa nchini kwetu, mkoani Arusha. Tangu hapo ameenea, na mkulima yeyote wa nyanya, hata wa bustani za mabondeni chini ya uwanda wa Makonde, hana budi kumjua. Jike mmoja aweza kutaga mayai yapatayo 260. Buu wake halingani na yule wa midimu: hula nyama ya jani, huacha kibaka kipana badala ya mstari, hutoka katika jani moja na kuingia jingine, na huingia hata ndani ya tunda. Shamba lisilohudumiwa huweza kupotea lote. Tena, kwa sababu amepuliziwa mno dawa za namna ile ile katika nchi nyingi, amejenga usugu dhidi ya nyingi kati ya dawa hizo.

Basi tunao nondo wawili, wote wadogo, wote wanachimba majani. Mmoja huharibu sura ya jani na kuuacha mti ukiendelea kuzaa. Mwingine huweza kumaliza mavuno ya msimu mzima. Anayewahukumu wote kwa neno moja, "wadudu", atakosea pande zote mbili: atapoteza fedha kwa asiyestahili, na atachelewa kumshughulikia anayestahili. Tofauti yao inaonekana kwa macho. Haihitaji maabara. Inahitaji mtu aliyefundishwa kutazama.

Watu wa Masasi na Newala wanaijua gharama ya kutotambua mapema kilicho shambani, kwa kuwa waliilipa katika korosho. Katika msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna takriban tani 145,000 za korosho. Ilipofika msimu wa 1986/87 mavuno yalikuwa yameanguka hadi chini ya tani 20,000. Sababu zilikuwa nyingi. Bei ilikuwa ndogo, na wakulima walihamishiwa vijijini mbali na mikorosho yao. Lakini mojawapo ya sababu kubwa ilikuwa ukungu ujulikanao kama ubwiri unga, unaoshambulia machipukizi na maua. Ni baada ya adui huyo kutambuliwa kwamba watafiti, wakiwamo wa kituo cha Naliendele karibu na Mtwara, waliweza kupendekeza salfa ya unga, ambayo hupuliziwa kavu na kwa hiyo haidai maji. Zao likafufuka, katika msimu wa 2017/18 nchi ilivuna zaidi ya tani 300,000. Hata hivyo salfa ni dawa ya ukungu. Anayeipulizia ili kumwua mbu wa mikorosho, yule mdudu Helopeltis anayefyonza machipukizi, anatupa fedha yake hewani. Kutambua kwanza, kutibu baadaye: kanuni hiyo iliiokoa mikorosho, nayo ndiyo iliyokosekana katika kile kitalu cha midimu.

Kanuni ya pili ni kuwajua rafiki zetu. Ukiyachunguza majani ya mdimu kwa lenzi ya mkono, utakuta baadhi ya michimbo ina buu aliyekufa, na pembeni yake kiumbe mwingine mdogo zaidi. Huyo ni mtoto wa nyigu, ambaye mama yake alitoboa ngozi ya jani na kutaga yai juu ya buu au ndani yake. Nyigu hawa hawana haja na watu wala hawawaumi. Mchimba-majani wa michungwa alipoingia Florida, Marekani, mwaka 1993, wataalamu wa huko hawakutegemea sumu peke yake. Mwaka uliofuata waliagiza nyigu aitwaye Ageniaspis citricola, ambaye yai lake moja hugawanyika na kutoa nyigu kadhaa ndani ya buu mmoja, wakamfungulia katika mashamba.

Sisi wenyewe tunaishi kwa hisani ya nyigu kama huyo, ingawa wachache wanajua. Mwaka 1973 kidung'ata wa mihogo, mdudu mweupe kama aliyepakwa unga, alionekana karibu na Kinshasa na Brazzaville, akaenea upesi katika nchi zinazokula muhogo. Aliingia Tanzania mwaka 1987. Kule kwao, Amerika ya Kusini, alikuwa na adui: nyigu mdogo ambaye leo huitwa Anagyrus lopezi, aliyepatikana Paraguay. Taasisi ya Kimataifa ya Kilimo cha Kitropiki, yenye makao yake Ibadan, Nigeria, ilianza kumfungulia mwaka 1981, na hatimaye akasambazwa katika nchi nyingi za Afrika, Tanzania ikiwamo. Mswisi Hans Herren, aliyeongoza kazi hiyo, alipewa Tuzo ya Chakula ya Dunia mwaka 1995. Kwa watu wa uwanda wa Makonde, ambao muhogo ni chakula chao cha kila siku, habari hii yapaswa kujulikana kama inavyojulikana tarehe ya uhuru. Na hatuna haja ya kwenda mbali hivyo. Sisimizi wetu wekundu, maji moto, ambao watoto huwaogopa kwa kuuma kwao, huwafukuza mbu wa mikorosho katika miti wanayojenga viota. Mkulima anayeviteketeza viota hivyo ili apande mti bila kuumwa anajiongezea gharama ya dawa.

Sasa nisikilize pingamizi za walimu wenzangu, kwa maana nazijua. Mwalimu atasema: muhtasari ni mrefu, mtihani unakaribia, na nondo wa mdimu haulizwi. Ni kweli. Lakini mageuko ya mdudu huulizwa. Seli na epidermisi huulizwa. Mnyororo wa chakula huulizwa. Na namna ya kufanya jaribio na kuchora jedwali huulizwa. Yote hayo yamo katika jani moja. Tumezoea kufundisha mageuko kwa mchoro wa kipepeo katika kitabu, ilhali mdimu uliopo nje ya dirisha una hatua zote nne kwa wakati mmoja. Mwalimu mwingine atasema hana maabara. Kwa somo hili anahitaji chupa ya jamu, kipande cha kitambaa, uzi, pamba yenye unyevu na, ikiwezekana, lenzi moja ya mkono.

Zoezi lenyewe ni hili. Wanafunzi wachume majani 50 yenye mapindo kwenye kingo, ambayo ndani yake mna pupa. Wayatie katika chupa pamoja na pamba yenye unyevu, wafunge mdomo wa chupa kwa kitambaa, na kuiweka mahali pasipo na jua kali. Kila asubuhi wahesabu waliotoka: nondo wangapi, nyigu wangapi. Baada ya wiki mbili au tatu wapige hesabu. Ikiwa nyigu wametoka katika mapindo 30 kati ya 50, basi walinzi wa asili wameshinda kwa asilimia 60, na pampu ibaki stoo. Ikiwa wametoka katika mapindo mawili tu, hapo kuna la kuzungumza na bwana shamba. Wafanye hivyo kila mwezi wa mvua, na daftari lihifadhiwe. Shule ikitunza daftari kama hilo kwa miaka mitano itakuwa na maarifa ambayo hata sisi wa chuo kikuu tutakuja kuyaomba.

Pingamizi la tatu ni la mkulima, nalo ni zito zaidi: yeye hawezi kungoja chupa ya jamu wakati mazao yanaliwa. Nakubali. Ndiyo maana sisemi kuwa kila mkulima awe mtafiti. Nasema kuwa mtoto wake, anayekwenda shule kila siku, arudi nyumbani akiwa na uwezo wa kumwambia baba yake, "Huu ni mstari wa midimu, tuuache, lakini hiki kibaka kwenye nyanya ni kantangaze, tuyang'oe majani haya leo." Mwalimu Nyerere alipoandika juu ya Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, alitaka shule ziwe na mashamba na wanafunzi wajifunze kwa kutenda. Tuliyachukua majembe, na hilo lilikuwa jema. Sidhani kama tuliichukua lenzi.

Lawama si ya walimu peke yao. Nilipokuwa ng'ambo nikisomea shahada ya uzamivu, mwalimu wangu alinifundisha kusoma michimbo katika majani ya miti ya kwao. Watoto wa shule wa nchi ile walikuwa na vitabu vya picha vya kuwasaidia kutaja kila mchimbo kwa jina. Siku moja aliniuliza kwenu kuna wachimba-majani gani. Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimepita shule ya msingi, sekondari na shahada ya kwanza chini ya miembe, mikorosho na midimu, na sikuwahi kuligeuza jani hata moja. Nilipojua, niliandika matokeo yangu kwa lugha ya kigeni, katika majarida ambayo hayafiki Newala. Sisi wa vyuo vikuu tuna deni, na deni hilo hulipwa kwa Kiswahili, kwa picha, na kwa bei ambayo shule ya kata inaimudu.

Kati ya mwaka 1909 na 1913 Wajerumani walichimba mifupa ya dinosaria huko Tendaguru, katika nchi ya Lindi, wakaipeleka Berlin, ambako mifupa hiyo imesimamishwa hadi leo na watu hulipa kiingilio kuitazama. Wanafunzi wetu wengi wamesikia habari za wanyama hao wakubwa waliokufa zamani, nao wana haki ya kuzijua. Naomba tu wamjue pia huyu mdogo aliye hai, kwa kuwa yeye hajapelekwa popote. Yumo katika jani la mdimu wa nyumbani kwao, na mvua zijazo zitakapoanza kunyesha, atakuwa kazini tena.

Kwa yule mzee wa Newala, jibu langu ni hili: ni mdudu, mzee wangu, si maradhi; mdimu wako ni mkubwa na utazaa; na fedha ya dawa mnunulie mjukuu daftari.